Kaye ya Noeli

Katuba, saa nane ya mchana

Bertine mwanangu,

Barua huanza kwa salamu, lakini wewe uko hapo nje unaanua nepi, na nikikohoa tu utauliza, Mama, unaumwa wapi. Basi salamu tuziache. Nimekudanganya kwamba namwandikia shangazi yako wa Kasenga. Shangazi yako hajui kusoma, na wewe unajua kwamba hajui, ila leo una mambo mengi kichwani hata hukunitazama mara mbili.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala za kumfunika mtoto kifua ndani ya treni. Hayo nimeyasema mpaka umechoka, na mengine ni wewe uliyenifundisha mimi. Kesho asubuhi unamfuata mume wako. Watu wa Kasai wanatolewa kwenye kambi ya wakimbizi na kupandishwa treni kurudishwa kwao, na Kalala ametuma neno kwamba jina lako na la mtoto yamo kwenye behewa moja na lake na la mama yake. Kwa hiyo nimebaki na siku hii moja ya kukuambia jambo nililolificha karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge, uikute ukiwa umeshapita Kamina na mimi siuoni uso wako. Naona haya kukuambia hivyo, ila ndivyo nilivyopanga.

Nianze na Noeli, maana kosa langu lilianzia huko, na lilianza likiwa kitu kizuri.

Unakumbuka Noeli za hapa Katuba zilivyokuwa. Wiki tatu kabla, wanawake walikuwa wanaloweka mahindi ya kinywaji cha munkoyo, na kila ukuta una kuku amefungwa mguu. Watu ambao hawakuuona mlango wa kanisa tangu siku waliyobatizwa walikuwa wanakuuliza njiani misa ni saa ngapi, tena kwa sauti ya mtu aliyekosa misa moja tu. Hata Waislamu wa sokoni, ambao sisi tulikuwa tunakula Idi yao bila aibu, walituletea mchele. Hakuna gari lililopita na kipaza sauti. Hakuna aliyeogopa kuandikwa kwamba hakuonekana.

Lakini mwaka wa kwanza tulipohamia hapa, baada ya kifo cha baba yako, niliona jambo moja lililonisumbua. Misa ikiisha, kila mtu alijifungia na watu wa kwao. Wa Kasai walikula na wa Kasai, wa Luapula na wa Luapula, na mimi mjane mwenye mtoto mmoja nilikula nikitazamana na wewe. Mama Kapinga, mama yake Kalala, wakati huo hakuwa mkwe wangu. Alikuwa tu jirani wa ng'ambo ya njia, mwanamke wa Kasai mwenye mashine ya kushona na mdomo, aliyecheka bukari yangu, yaani ugali, akisema ni uji uliosahauliwa jikoni. Siku ile alikuja na sahani amefunika, akanikuta hivyo, akasema hii ni aibu, watu wameimba pamoja saa mbili nzima halafu wanakula kama wezi.

Mwaka uliofuata tukaanza kubadilishana meza. Kila nyumba iliyotaka ilijiandikisha kwangu, na siku ya Noeli ulikwenda kula kwenye nyumba niliyokupangia, na wewe ukapokea watu niliokuletea. Kwa sababu nilikuwa nafundisha wanawake kusoma na kushona kwenye fwaye, ile nyumba ya mafunzo ya wanawake, mimi ndiye niliyekuwa na kaye, daftari lile la jalada la bluu unalolijua. Nilichora mistari kwa rula. Jina, namba ya nyumba, watoto wangapi, unaleta chakula gani. Mstari wa mwisho ulikuwa wazo la Mama Kapinga. Alisimama nyuma yangu na kidole chake chenye sindano, akasema:

"Andika na inchi yenye muntu anatoka. Mwenye kutoka Kasai, umutume kwa mwenye kutoka Kasenga. Bakule bukari moja."

Nikaandika. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu, watu wawili wa nchi moja wasikae meza moja. Tuliwaandika watu walikotoka ili tupate kuwachanganya. Nakuomba uikumbuke sentensi hiyo unapoendelea kusoma, kwa sababu mimi nimeikumbuka kila siku, na mara nyingine nimejificha ndani yake. Nimewahi hata kujiambia kwamba, kwanza, mstari ule haukuwa wazo langu. Ona mama uliyenaye.

Kaye ile ilifanya mema. Tata Mwansa, muuza samaki wakavu wa Pweto, mtu asiye na mke wala ndugu mjini, nilimpeleka kwa Mama Kapinga Noeli ya kwanza. Waligombana juu ya pilipili tangu sala ya chakula mpaka jioni, na siku ya pili akaja na baiskeli yake kuniomba nisimhamishe tena. Noeli tatu nilimwacha palepale. Na wewe, nilikutuma na chungu cha maharage kwenye nyumba hiyohiyo, ukarudi bila kifuniko, na kesho yake Kalala akaleta kifuniko, na kesho kutwa akaleta tena kitu ambacho hakikuwa chetu. Umeolewa kwa sababu ya kaye ile. Sijui kama uliwahi kufikiri hivyo.

Sasa sikukuu za serikali. Mimi nimeziona za kila rangi. Nilipokuwa mtoto wa shule Wabelgiji walitupanga mstari kwenye baridi ya asubuhi kusherehekea nchi yao, kila mtoto na bendera ya karatasi mkononi, na ukishapunga vizuri unapewa bonboni moja ya kumumunya. Tulikuwa tunapunga kwa ajili ya bonboni, na Wabelgiji walijua. Halafu ukaja uhuru wa Kongo, na hapo sikatai, tulicheza kwa moyo. Kabla vumbi la kucheza halijatoka miguuni tukaambiwa tena hapana, nchi yenu ni Katanga peke yake, bendera ni ile yenye misalaba ya shaba. Kwa muda wa wiki mbili nilikuwa raia wa nchi mbili bila kutoka nje ya kiwanja changu. Kitu kimoja hakikubadilika, viti. Vile viti vya chuma vya kukunja, vya bwana mkubwa, vilitumika kwa Wabelgiji, vikatumika kwa Kongo, vikatumika kwa Katanga, na mara zote mstari wa nyuma ulibaki mtupu.

Mwaka jana, Katanga yao ilipokaribia kutimiza mwaka mmoja, mkubwa wa mtaa alikuja fwaye. Unamkumbuka, yule mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amejaribu gwaride, watu wakamwachia uwanja na mbwa. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi wangu, magoti yakamfika kidevuni, akavua kofia. Hakunitisha. Ningependa kukuambia kwamba alinitisha.

"Madame," akasema, "juu ya nini kwa Noeli bantu banatoka bo benyewe, na kwa fête ya inchi yabo tunabasukuma na haut-parleur?"

Mwanangu, hakuna mtu mkubwa aliyewahi kuniuliza swali. Waliniuliza jina, namba ya nyumba, baba yako alikufa na ugonjwa gani. Huyu alitaka kujua ninafikiri nini, tena aliniita Madame mbele ya wanawake kumi na wawili walioshika sindano. Nikajisikia mtu. Nikamjibu, na jibu langu bado naliona lilikuwa la kweli:

"Kwa Noeli kila muntu eko na kazi. Kwa fête yenu bantu beko na kiti tu."

Alicheka, akaliandika. Akauliza nawezaje kujua nani ana kazi gani. Nikasema iko ndani ya kaye. Angeweza kuondoka hapo, alikuwa ameshavaa kofia. Ni mimi niliyemwambia asubiri. Nilitoka fwaye mpaka hapa nyumbani, karibu nikimbie, nikaitoa kaye chini ya godoro, nikaipangusa kwa upande wa kitenge changu, nikampelekea. Hakuniomba. Hili ndilo nililotaka ulijue kabla ya mengine yote. Watu wakisema siku hizo kila mtu alilazimishwa, mimi sikulazimishwa. Nilijipeleka kwa miguu yangu kwa sababu mtu mwenye kalamu mbili alinisifu.

Na sikukuu ilifana. Hilo nalo linaniuma. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kama ninavyofanya kabla ya Noeli, nikawaambia huyu alete munkoyo, huyu alete ngoma, wa Kasai wapike matamba ya muhogo, wa Luapula samaki. Walinikubalia kwa sababu walinizoea. Mama Kapinga aliniuliza mara moja tu kama nina hakika, maana vijana wa chama cha serikali walikuwa wameanza kuwaita watu wake wageni. Nikamwambia wakituona tumechanganyika vizuri watanyamaza. Alikuja. Mimi nilikuwa nimepewa kiti mstari wa tatu, na kitenge kipya chenye ile bendera yao, na kutoka huko juu nilimwona akikoroga chungu kwenye moshi, akaniinulia mwiko kunisalimu. Nilimpungia mkono kidogo tu, kwa adabu ya watu wa mstari wa tatu.

Kaye sikurudishiwa siku ile. Mkubwa alisema wataiandika upya ili mwaka ujao wawe nayo. Sikufikiri kitu.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, ila hukuyaona kama mimi. Wiki chache baadaye vijana wa chama walianza kutoa watu wa Kasai majumbani. Kila mtu alilia akisema wanakuja ovyo, hawana mpango. Mimi nilijua siku ya pili kwamba wana mpango. Walianza na nyumba ya kwanza ya njia yetu, wakaruka tatu za Kasai zilizofuatana, wakavuka mpaka njia ya nne, wakarudi huku kwetu. Huo haukuwa utaratibu wa njia. Ulikuwa utaratibu wa watu walivyokuja kwangu kujiandikisha, yule mwanzo, yule pili, yule aliyekuja baada ya mvua. Na walipovunja mlango wa namba thelathini na moja wakimtafuta Ilunga fundi viatu, wakamkuta mwanamke wa Pweto na watoto wake, nikajua wana kaye yangu mkononi. Ilunga alihama tangu Pasaka. Kwenye kaye bado alikuwa thelathini na moja, kwa sababu mimi hurekebisha namba mwezi wa kumi na mbili.

Ningeweza kukimbia kuwaambia waliobaki. Nilijua jina lililofuata, ukurasa mzima nilikuwa nao kichwani. Niliwaambia wawili tu, kwa maneno ya kuzunguka, kwamba nimesikia si vizuri kulala nyumbani. Wa tatu angeuliza umesikia wapi. Nikarudi nikafunga mlango.

Siku ya kutolewa kwa Mama Kapinga ulikuwa umelala chumbani, mimba yako ilikuwa ya miezi sita na miguu imevimba. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema ubaki kwangu, kwamba kule kambini watu wanalala chini ya magunia na askari wa kigeni wenye kofia za bluu wanaangalia tu. Hukutoka nje, ndiyo maana nakusimulia. Lori lilisimama hapo ng'ambo. Mimi nilikuwa njiani na mashine yake ya kushona kichwani, alikuwa ameniomba niifiche, na watu walinitazama kama mtu mwema. Tata Mwansa alikuja na baiskeli, akawa anamsaidia Kalala kuinua godoro. Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba muuza samaki ndiye anayejua kila mlango, na kwamba anatoka upande ule wa vijana. Mama Kapinga akiwa juu ya lori alimwinamia. Hakupiga kelele.

"Noeli tatu ulikula mu nyumba yangu, Tata Mwansa. Njo vile unatulipa?"

Tata Mwansa aliliachia godoro polepole. Akanitazama mimi. Bertine, alinitazama mimi, na mimi nilikuwa na mashine kichwani na shingo haikugeuka. Lori likawashwa. Mama Kapinga akaninyooshea mikono miwili akasema Mungu akubariki, mukwetu, na mimi nikaitikia amina.

Baada ya wiki moja mtumishi wa mkubwa aliniletea kaye ndani ya bahasha, na karatasi ya kunishukuru. Kwenye mstari wa mwisho, kila palipoandikwa Kasai, kuna alama ndogo ya kalamu nyekundu. Alama safi kabisa, hakuna aliyerukwa. Hata mimi sijawahi kusahihisha kazi za wanafunzi wangu vizuri hivyo.

Tata Mwansa alikuja jioni moja baada ya hapo, ukiwa umekwenda kisimani. Hakukaa. Aliniuliza, "Mama, ile kaye ya Noeli iko wapi?" Nikasema ilipotea. Akasema, "Bon. Ikionekana, uichome. Bataitafuta tena." Basi nikajua kwamba anajua, labda tangu siku ile ya godoro. Nilianza kulia, nikamwambia nitakwenda kambini kusema ukweli, nitasema si yeye. Nilisema hivyo nikitumaini atanizuia, na alinizuia.

"Bertine eko na mimba ya bale bantu," akasema. "Bakijua ni mama yake, batamukatala yeye na mutoto. Miye niko muzee, balishakwisha kunisema."

Nilimkubalia haraka mno. Ningeweza kubishana hata kwa adabu. Niliweka heshima yangu nyuma ya tumbo lako nikasema nakulinda wewe, na labda nilikuwa nakulinda kidogo. Tangu siku hiyo mtu yule hauzi samaki njia hii. Wanawake wanamgeuzia mgongo, watoto wanampigia miluzi, anakwenda kuuza mpaka upande wa pili wa mji na baiskeli ile yenye mnyororo unaolia. Na wewe, mwanangu, uliyelelewa na mimi umsalimie kila mzee, hujamwitikia salamu hata moja. Sikukukemea. Ningekukemea kwa mdomo gani?

Noeli iliyopita mji ulikuwa umetoka tu kwenye risasi, na hakuna aliyekuja kujiandikisha. Mtoto alikuwa na siku tisa. Nilipika hata hivyo, mikono haikujua kufanya kitu kingine. Tata Mwansa akabisha na sahani yake mwenyewe mkononi, na kopo la mchuzi wa samaki wa kuletea maziwa ya kunyonyesha, kwa ajili yako. Uliuchukua mchuzi, ukatoka uani ukaumwaga, ukaingia chumbani. Alisikia ukimwagika. Tulikula sisi wawili, yeye wa Pweto na mimi wa Kasenga, watu wa maji yaleyale ya Luapula kwenye meza moja, kinyume cha kanuni. Alisifu bukari yangu. Nilijua anasema uongo, imekuwa laini maisha yangu yote.

Umeniita sasa hivi kuuliza sabuni iko wapi, nikaifunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi anayenakiliwa. Sabuni iko dirishani.

Asubuhi hii gari la kipaza sauti limepita mara mbili. Wanatangaza tena sikukuu yao, mwaka wa pili. Viti vitatolewa, nimeona vinapanguswa vumbi pale ofisini. Na swali la yule bwana bado linanizunguka, maana lilikuwa swali zuri, bahati mbaya ilikuwa aliyeuliza na aliyejibu. Padri anasema watu wanaipenda Noeli zaidi kwa sababu Mungu ni mkubwa kuliko serikali. Mkubwa wa mtaa anasema ni kukosa shukrani. Mimi nilisema ni kazi, na nilidhani nimemaliza. Nilisahau kumwambia jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalijua. Siku ya Noeli unaingia nyumbani mwa mtu. Anajua unakuja, amekufagilia, ameuliza kama mtoto wako anakula pilipili. Watu wale waliniachia niandike majina yao na walikotoka kwa sababu walijua siku nitakayotokea mlangoni kwao nitakuwa na chungu. Sikukuu ya serikali hakuna nyumba unayoingia. Unakaa uwanjani, na mtu usiyemjua anahesabu nani yuko na nani hayuko. Nilidhani ningeweza kuchukua kitu cha nyumbani nikakipeleka uwanjani kikabaki kilekile.

Labda nimekosea na hapo pia. Usinichukue kama mwalimu wako katika hili. Kama kuna kitu kimoja ningependa ukirithi, ni hofu yangu mpya ya kusifiwa. Mkubwa akikusifu, nenda nyumbani ukalale kwanza. Kaye usiitoe siku hiyohiyo.

Sikuichoma. Iko mezani hapa, chini ya kiwiko changu. Tata Mwansa alisema kweli, ni hatari, lakini nikiichoma nitakuwa nimebaki na maneno yangu tu, na maneno yangu umeshayaona yanavyojua kuzunguka. Kesho nitakuja nayo stesheni. Nitamtafuta Mama Kapinga kabla treni haijaondoka, nitamwonyesha mwandiko wangu na ile kalamu nyekundu, na nitamwambia kwamba mtu aliyeketi kwake Noeli tatu hakumlipa ubaya. Siendi kuomba msamaha. Nikiomba, atalazimika kunijibu kwa adabu ya wakwe, na sitaki adabu yake. Nataka tu ajue ni nani.

Huenda watakukataa. Nalisema wazi kwa sababu ndilo jambo lililonifunga mdomo mwaka mzima, na bado naliogopa. Huenda Kalala atashuka na mizigo yake, au hatashuka. Huenda utabaki hapa na mtoto, ukinitazama kila asubuhi. Kwa hiyo nimeamua kutokuificha barua sandukuni. Nikimaliza mstari wa mwisho nitatoka nje nikupe mkononi, ukiwa bado na mchana uliobaki na jioni nzima ya kunikasirikia. Ukisema Mama, usifanye kesho, nisubiri mpaka nifike, nitajua namna ya kumwambia, basi nitakusikiliza. Ni maisha yako, nimeshayachezea vya kutosha bila kukuuliza. Hilo la Mama Kapinga naliacha mikononi mwako.

La Tata Mwansa siliachi. Jana nilipokuambia kwamba atakuja kubeba sanduku, ulisema ni afadhali ulibebe kichwani mpaka stesheni kuliko kuliweka kwenye baiskeli ya mtu aliyeuza watu. Nilikuwa nakunja nguo za mtoto, na niliendelea kukunja. Hapo ndipo nilipotambua kwamba barua hii haiwezi kusomwa Kamina. Ukiisoma huko, utakuwa umeshampita mlangoni bila kumwitikia, na yule ni mzee, na treni hiyo hairudi kesho.

Atafika kesho saa kumi na mbili asubuhi. Utamsikia kwa mnyororo. Ataegemeza baiskeli ukutani, halafu atasimama mbali kidogo na mlango, kama alivyozoea sasa, akingojea mimi nitoke. Mimi sitatoka kwanza. Toka wewe. Huna haja ya kutafuta neno. Mikono yake itakuwa inanuka samaki, na mtoto atakunja pua. Mpe tu mtoto ambebe mpaka stesheni. Baiskeli na sanduku nitasukuma mimi.

Mama yako